Visanduku Viwili Katika Jina la Cũcũ

Usiku wa kuamkia mazishi ya nyanya yangu, saa saba na ushee, kompyuta yangu iliandika jina lake hivi: CÅ©cÅ© MÅ©thoni.

Nilikuwa nimeketi jikoni kwake, Kinangop, kwenye kigoda alichokuwa akikalia yeye, laptopu ikiwa juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa. Nje wanaume wa kesha walikuwa wanaota moto wakibishana juu ya bei ya viazi. Mama na dada zake walikuwa nyumba kubwa wakihesabu sahani za kukodi. Mimi nilikuwa na kazi moja tu, na kazi yenyewe ilikuwa inanitazama usoni ikiwa na alama ya hakimiliki katikati ya jina la marehemu. Hiyo © ndiyo ilinikera zaidi. Kwani nani ana hakimiliki ya cũcũ wangu?

Ilikuwa 2021. Korona ilikuwa bado inapanga nani aende mazishini na nani abaki kwake. Nusu ya ukoo ingefuatilia kwa simu, wengine wakiwa Nairobi, wengine Mombasa, wengine Marekani na nchi za Ghuba. Kwa hivyo familia ikaamua salamu zao za rambirambi zikusanywe kwa WhatsApp, halafu zionekane moja baada ya nyingine kwenye skrini kubwa hemani, kila salamu na jina la aliyeituma. Kabla mtu hajauliza nani atafanya, anko akaninyooshea kidole.

“Si wewe ndio wa komputa? Hiyo ni kazi yako.”

Nikaitikia. Singeweza kukataa bila kueleza, na nikianza kueleza ningelazimika kusema kwamba chuo nilishaacha miaka miwili iliyokuwa imepita, nikiwa mwaka wa tatu, na kwamba kile kitu walichokuwa wakikiita “masomo ya komputa” sasa kilikuwa ni mimi kuandikia watu makala za kulipwa kwa neno, chumbani Githurai. Mtu mmoja tu ndiye aliyejua. Nilimwambia hapo hapo jikoni, nikiwa ninamenya viazi. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama ninakula. Nikasema ninakula. Akasema basi tumalize viazi.

Huyo mtu sasa alikuwa mochari, na jina lake lilikuwa MÅ©thoni.

*

Kama hujui Gĩkũyũ, nikueleze kwa nini hili lilikuwa jambo. Lugha hii ina irabu saba, na herufi za Kilatini zina tano. Mbili zilizobaki zikavishwa wimbi kichwani: ĩ na ũ. Wimbi si pambo. U ni u, lakini ũ inakaribia o ya Kiswahili, ndiyo maana Mũthoni ukilitamka linasikika karibu na “Mothoni”. Wakamba, Waembu na Wameru wanazitumia herufi hizo hizo. Hata neno “cũcũ” lenyewe, yaani nyanya, lina ũ mbili. Huwezi kumwita bibi yako kwa maandishi bila hilo wimbi.

Kiswahili kilikuwa na bahati. Kiswahili sanifu kinaingia kizima kwenye taipureta ya Mwingereza, hata ng’ yetu inahitaji tu kimkwaju kidogo. Ukiandika Kiswahili pekee unaweza kuishi maisha yako yote bila kujua kwamba kompyuta huchagua ni herufi gani inazitambua.

Cũcũ alijifunza kuandika ukubwani, kwa masomo ya ngumbaru, na aliandika jina lake taratibu, herufi moja baada ya nyingine. Wimbi alikuwa analiacha hadi mwisho. Akimaliza M-u-t-h-o-n-i aliinua kalamu, akaangalia, kisha akarudi kuliweka, kama mtu anayetia chumvi. Kwenye kitambulisho chake jina lilikuwa MUTHONI. Nilipokuwa mdogo nilimwonyesha kosa hilo, nikijiona mjanja sana. Akacheka. “Hilo ni la serikali,” akasema. “Hili ndilo langu.”

Kwa hivyo usiku ule nilijiambia kwamba hata kama projekta itagoma, hata kama mvua itanyesha hadi hema lianguke, skrini ile itaandika jina lake mwenyewe. Si la serikali.

*

Laptopu yangu ilikuwa mtumba wenye RAM ya gigabaiti 2, na ilikuwa inaendesha Linux kwa sababu hakuna kingine ilichoweza kubeba. Nikifungua programu ya slaidi, feni ilikuwa inalia kama posho mill. Nikaamua kuandika programu yangu ndogo kwa lugha ya C: ifungue dirisha, isome faili ya salamu, ichore salamu moja, isubiri sekunde kumi, ichore nyingine. Ningeweza kuazima laptopu ya mtu. Ukweli ni kwamba nilitaka kujua kama ile miaka mitatu iliacha chochote kichwani.

Kwenye Unix na jamaa zake kama Linux, kwa miaka mingi madirisha yamechorwa kupitia mfumo unaoitwa X, ambao toleo lake la 11 lilitoka 1987. Njia yake ya zamani kabisa ya kuandika neno ni hivi: unaipa seva ya X jina la fonti, unaipa baiti zako, inachora. Amri yenyewe ni XDrawString. Nilikuwa naikumbuka kutoka kitabu kimoja kilichochakaa nilichosoma mwaka wa pili, nikaitumia.

Sasa, XDrawString haijui kusoma. Inachukua baiti moja, inaangalia nambari yake, inachora picha iliyo kwenye nafasi hiyo katika fonti, inasonga mbele. Na fonti niliyoipa ilikuwa imepangwa kwa orodha inayoitwa ISO 8859-1, ambayo pia ni ya 1987. Orodha hiyo ina nafasi 256, na ilitengenezwa kwa ajili ya lugha za Ulaya Magharibi. Ndani yake mna ñ ya Wahispania. Mna ã na õ za Wareno. Wimbi ni lile lile. U nayo ipo. Lakini ĩ na ũ hazimo. Wimbi lilikuwa mle ndani, u ilikuwa mle ndani, na hakuna aliyeona haja ya kuzikutanisha.

Unicode ilikuja baadaye, mwaka 1991, kusema kwamba kila herufi ya kila lugha ipewe nambari yake. Ũ ndogo ilipata 361. Nambari hiyo haiingii kwenye baiti moja, ambayo inaishia 255. Ndiyo maana kuna UTF-8, njia iliyobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mnamo Septemba 1992, wakichora mpango wake kwenye karatasi ya mezani katika mkahawa mmoja huko New Jersey. Thompson ni yule yule aliyeanzisha Unix. Kwa UTF-8, herufi za Kiingereza zinabaki baiti moja moja kama zamani, na nyingine zinagawanywa kwenye baiti mbili, tatu au nne. Ũ inakuwa mbili: C5 na A9.

XDrawString iliona C5, ikachora Å. Ikaona A9, ikachora ©. Faili yangu haikuwa imeharibika hata kidogo. Baiti zote zilifika salama. Aliyezipokea tu ndiye hakujua kwamba hizo mbili ni kitu kimoja.

*

Dawa ya hilo ipo, na inaitwa Xft. Ilianzishwa na Keith Packard mwanzoni mwa miaka ya 2000, na inafanya kazi kinyume na ile ya zamani. Badala ya kuiachia seva fonti na baiti, programu yako yenyewe inaifungua faili ya fonti, inaomba maktaba ya FreeType ichore umbo la kila herufi, halafu inaipelekea seva michoro iliyokamilika. Amri yake, XftDrawStringUtf8, inaelewa kwamba C5 na A9 ni herufi moja.

Nilibadilisha mistari kama ishirini. Nikaweka fonti ambayo tata alikuwa ameichagua, ile ya mwandiko wa mkono wenye madoido unayoiona kwenye kadi za harusi, ambayo nilikuwa nimeipakua bure mtandaoni. Nikaendesha programu. Jina likatokea kubwa, laini, la kupendeza:

C□c□ M□thoni.

Nilicheka peke yangu. Halafu nikashika kichwa.

Faili ya fonti ni kama albamu ya picha. Ndani yake kuna jedwali linalosema: nambari fulani, picha fulani. Picha namba sifuri imetengwa kwa ajili ya kila kitu ambacho mchoraji wa fonti hakukichora, na mara nyingi huwa ni kisanduku. Watu wa kompyuta wanakiita tofu, kwa kuwa kinafanana na kile kipande cheupe cha chakula cha soya. Fonti za Noto za Google zimepata jina lake kutoka hapo: “no tofu”, yaani hakuna visanduku. Mchoraji wa fonti ya tata alichora ñ. Alichora ã. Hakufika kwa ũ.

Nilikaa nikiviangalia vile visanduku muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilianza kwa hasira, halafu kitu kingine kikanijia. Kile kisanduku kilikuwa kinasema ukweli. Kilikuwa kinasema: hapa pana herufi, nimeipokea, nafasi yake ni hii, lakini sina picha yake. Hakikuweka u ya kawaida kisha kikanyamaza.

Mimi nimebeba jina la babu, Ndũng’ũ. Ndiyo maana cũcũ alikuwa akiniita mũthuri wakwa, mume wangu, mbele ya wageni hadi ninaona haya. Siku yangu ya kwanza darasa la kwanza mwalimu aliandika kwenye daftari langu “Ndungu”. Mawimbi mawili na ng’ moja vilienda kwa dakika ile, na hapakubaki kisanduku chochote cha kuonyesha kwamba kuna kitu kimetoka. Nikakua nikiandika hivyo. Vyeti vyangu vyote viko hivyo. Hakuna aliyenilazimisha. Kwenye simu yangu ũ ipo, unabonyeza u kidogo inajitokeza, na bado siibonyezi.

Mashine ya mtumba ilikuwa na adabu kuliko sisi.

*

Kwenye Linux kuna chombo kinachoitwa fontconfig, ambacho kazi yake ni kujua fonti zote zilizo ndani ya mashine na herufi zilizomo. Unaweza kukiuliza kwenye terminali: fc-list :charset=0169. Hiyo 0169 ni 361 kwa hesabu ya kumi na sita. Kinakujibu na orodha ya kila fonti yenye ũ. Orodha ilikuwa ndefu kuliko nilivyotarajia, na sababu yake moja haituhusu sisi: Kivietinamu nacho kinatumia ĩ na ũ. Mtu akichora fonti akiwafikiria watu wa Hanoi, anamhudumia cũcũ wa Kinangop bila kujua.

Xft yenyewe haitafuti mbadala. Unaipa fonti moja, inachora kwa hiyo moja. Nikaandika kitanzi: kwa kila herufi, uliza kama fonti ya tata inayo, kama haina, iombe fontconfig fonti nyingine iliyo nayo. Visanduku vikaisha. Lakini sasa C ilikuwa na madoido, ũ ilikuwa imesimama wima kama askari, c ikarudi kwa madoido. Tata aliingia kuchukua chai, akachungulia skrini juu ya bega langu.

“Hiyo u inakaa ni kama imekopwa.”

“Ni ya fonti nyingine, tata.”

“Si utumie hiyo nyingine yote? Mama hakuwa mtu wa mapambo.”

Nikatumia DejaVu Serif kwa kila kitu. Cũcũ Mũthoni. Mawimbi mahali pake. Saa tisa na nusu usiku, tata na mimi tulisimama jikoni tukiliangalia jina kama watu wanaoangalia mtoto aliyelala.

*

Kama ningelala hapo, hadithi ingekuwa imeisha vizuri. Lakini salamu zilikuwa zinaendelea kuingia.

Salamu ya akina mama wa chama chake ilikuwa imenakiliwa kutoka faili ya zamani, na ilipotokea, wimbi lilikuwa limeteleza. Halikuwa juu ya u tena, lilikuwa limeangukia begani kwa herufi iliyofuata. Jina lile lile, fonti ile ile. Nikafungua faili kuangalia baiti zenyewe. Ũ zangu zilikuwa C5 A9. Zao zilikuwa 75 CC 83.

Kumbe Unicode ina njia mbili za kuandika ũ, na zote ni halali. Ya kwanza ni herufi moja nzima, namba 361. Ya pili ni u ya kawaida, ikifuatwa na wimbi huru linaloambiwa lipande juu ya herufi iliyotangulia. Kwa macho ya binadamu ni kitu kimoja. Kwa programu inayochora herufi moja moja, kama yangu, ni vitu viwili: inachora u, inasogea, inachora wimbi pale ilipofika. Wimbi linaanguka popote litakapoanguka.

Kama ningekuwa na akili, ningetumia Pango tangu mwanzo. Jina lake ni “pan” ya Kigiriki, yaani zote, na “go” ya Kijapani, yaani lugha. Pango inajua kutafuta fonti mbadala, na kazi ya kupanga maumbo inaiachia HarfBuzz, maktaba ambayo leo iko ndani ya Android, Firefox, Chrome na LibreOffice. HarfBuzz ndiyo inayojua kwamba wimbi lazima likae katikati ya u, kwa urefu gani, na lipande zaidi u ikiwa kubwa. Jina lake ni la Kiajemi. Harf ni herufi, ni neno lile lile la Kiarabu lililotupa sisi “herufi”, na buzz ni wazi. Herufi wazi. Nilipenda kwamba angalau sehemu moja ya hiki kiwanda ina jina ambalo cũcũ angelisikia nusu yake.

Lakini saa kumi na moja alfajiri si saa ya kuandika programu upya. Nilitumia njia ya mkato: mistari michache ya Python inayopitia faili nzima na kuunganisha kila u na wimbi lake kuwa herufi moja. Mawimbi ya akina mama yakapanda mahali pake.

Kisha programu ikafa. Haikuonyesha kisanduku wala takataka. Dirisha lilifungika, terminali ikaandika BadLength, basi. Nikaiwasha, ikafa pale pale. Ilinichukua nusu saa kugundua chanzo: emoji. Xft ya wakati huo ilikuwa na kasoro iliyojulikana sana kwa watu wa Linux. Ikikutana na herufi yenye rangi zake yenyewe, ilikuwa inapeleka ombi ambalo seva inalikataa, na programu nzima inaanguka. Kasoro ilikuja kurekebishwa katika toleo la 2.3.5, mwaka 2022. Mimi nilikuwa 2021, na kulikuwa kunapambazuka.

Basi nikafanya nilichofanya. Niliandika mstari mmoja unaopitia salamu zote na kufuta kila emoji. Mishumaa, njiwa, mioyo iliyovunjika, mikono iliyokunjwa, zote. Sikuweka kisanduku mahali pake. Nilifuta tu, nikaendelea, nikaenda kunawa uso.

*

Mazishi yalienda sawa. Mvua haikunyesha. Skrini ilifanya kazi saa mbili na nusu bila kukwama. Mzee mmoja wa kike, aliyesoma ngumbaru pamoja na cũcũ, alisogezewa kiti hadi karibu na skrini kwa sababu ya macho. Alilisoma jina kwa sauti, silabi kwa silabi, kidole hewani kikifuata. Alipofika mwisho akatikisa kichwa kukubali, kama mwalimu anayetia vyema.

Msalaba ulikuwa umeandikwa na fundi wa matangazo wa pale sokoni kwa brashi na rangi nyeupe. Nilimuuliza kama wimbi lilimsumbua. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. “Si unachora tu?” akasema.

Karibu na mwisho, ikatokea salamu ya binamu yangu aliye Doha, mlinzi wa usiku, ambaye alikuwa amekosa ruhusa ya kuja. Skrini ilikuwa tupu. Chini kabisa, jina lake peke yake. Sekunde kumi za nafasi nyeupe na jina. Watu hemani walidhani ni mtambo umekwama, mtu mmoja akanong’ona. Mimi nilijua mara moja. Alikuwa ametuma emoji pekee, labda akiwa zamu, labda kwa sababu maneno yalikataa. Na mimi nilikuwa nimeyafuta yote.

Jioni alinitumia ujumbe: “Bro, yangu mbona haikuonekana?”

Nikamwambia ni mtandao. Ndivyo tunavyosema wote.

Anko naye alinipiga bega mbele ya wageni akisema kumbe hiyo karo haikupotea. Nilifungua mdomo, nikaufunga, nikachukua sahani. Nilimwambia ukweli Desemba. Hakupiga kelele kama nilivyoogopa. Aliniuliza tu kwa nini miaka yote hiyo nilinyamaza, na sikuwa na jibu zuri kuliko lile la mwalimu wa darasa la kwanza: ilikuwa rahisi hivyo.

*

Laptopu ile ilikufa baadaye. Faili ya salamu nilikuwa nimeihifadhi, ile ya kwanza, kabla sijapitisha wembe wangu. Juzi nikaikumbuka, nikaiweka kwenye mashine niliyo nayo sasa, yenye Xft iliyorekebishwa, nikaendesha ile programu yangu mbaya jinsi ilivyokuwa.

Haikufa. Salamu ya Doha ikatokea: njiwa, mikono miwili iliyokunjwa, njiwa. Lakini mikono ilikuwa ya manjano, na kando yake kulikuwa na mraba wa kahawia umesimama peke yake. Nikajua ni nini kabla hata sijaangalia baiti. Rangi ya ngozi kwenye emoji ni herufi ya pili inayofuata ya kwanza, kama lile wimbi huru, na Xft inachora moja moja. Binamu alikuwa amechagua mikono ya rangi yake. Programu yangu ilichora mikono ya mtu mwingine, halafu ikaweka rangi ya binamu pembeni.

Nikakaa chini, nikaiandika upya kwa Pango, vile nilivyopaswa kufanya tangu usiku ule. Ilichukua jioni moja. Amri za kuchora zilipungua, kwa sababu kazi yote niliyokuwa nikiifanya kwa vitanzi na njia za mkato, kuna watu waliokwisha kuifanya kwa uvumilivu, kwa lugha ambazo hawazisemi. Nikaiwasha. Mawimbi ya akina mama wa chama yalikaa juu ya u zao, ingawa nilikuwa nimeyaacha kwenye baiti zao tatu. Ya tata ilikuwa sawa. Ya Doha ikaja: njiwa, mikono ya kahawia iliyoiva, njiwa. Chini yake jina lake, na juu kabisa, Cũcũ Mũthoni.

Nikapiga picha ya skrini nikamtumia. Nikamwandikia kwamba siku ile haikuwa mtandao, ni mimi nilifuta, na kwamba salamu yake ilikuwa hivi. Nikatia sahihi Ndũng’ũ, nikibonyeza kila u hadi wimbi lijitokeze.

Ilikuwa saa ya zamu yake. Alijibu baada ya dakika kumi hivi, mikono miwili tu, na kwenye simu yangu ilionekana vizuri.